Popo Wawili, Mdundo Mmoja

Evaline alirudi na beseni la matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, likiwa limejaa vilevile kama alivyoondoka nalo. Alilitua mlangoni kwa kishindo, akavua kanga begani, akaketi juu ya kinu kilicholazwa. Kashinje, mama mkwe wake, alikuwa anapepeta karanga kwenye ungo. Alimtupia jicho mara moja, akarudi kwenye karanga zake. Mtu mwenye hasira humuulizi. Unamwacha kama uji uliotoka jikoni, apoe mwenyewe.

"Hawakununua," Evaline alisema mwishowe.

"Naona."

"Unajua wamesemaje, mama? Yule jamaa wa karasha ya kusaga mawe kachukua kipande, kakigonga kwenye meno, kasema, 'Angalieni jamani, lisije likawa jiwe la Yasser hili.' Wakacheka wote. Halafu kakirudisha beseni. Kakirudisha na mate yake!"

"Umekitupa?"

"Nimekitupa, ningefanyaje? Na maneno yao nayatupa wapi?"

Ndani, kwenye mkeka, Malale, mume wa Evaline, alijigeuza upande wa ukutani. Alikuwa mwanaume mpana wa mabega, kijana wa kazi, lakini tangu juzi alikuwa analala mchana kama mgonjwa. Mama yake aliyasikia magoti yake yakigusa ukuta. Akapepeta kwa nguvu zaidi ili asiyasikie tena.

Juzi kipaza sauti cha kambi, kile kinachotangaza misiba na mikutano, kilitangaza kwamba Malale mwana wa Kashinje ameonekana ndani ya duara, yaani shimo la mgodi, la Yasser, mahali asipofanyia kazi, na huko mawe ya dhahabu yamepungua. Hawakusema mwizi. Walisema ameonekana. Lakini katika machimbo ya Magamba, mtu akiambiwa ameonekana mahali ambapo mawe yamepungua, hahitaji tena kuongezewa jina.

Na waliomwona hawakuwa watu. Aliyemwona ni popo.

Popo ni kidude kidogo cheusi ambacho kila mchimbaji wa duara la Apolinari, Malale akiwamo, hufungiwa kwenye kofia kabla ya kushuka. Walikipa jina hilo wachimbaji wenyewe, kwa sababu waliambiwa kinapiga kelele gizani ambazo sikio la mtu halizipati, na nguzo zilizopigiliwa kwenye kuta za shimo zinazisikia na kujua mtu yuko umbali gani. Kililetwa kwa nia njema. Kabla ya kupiga baruti, msimamizi atazame kwenye kioo cha kompyuta kama wote wametoka, asije akalipua mtu. Baadaye Yasser, mwenye duara la jirani, naye akafunga wa kwake. Hapo ndipo balaa lilipoanza, ila siku hiyo hakuna aliyelijua.

Jumamosi kamati ya kambi itakaa. Ikimkuta Malale na hatia, haondoki tu kwa Apolinari. Hakuna duara litakalompokea tena, na kibanda chao kitabomolewa, maana kambi haimlazi mwizi.

"Mayu," Malale alimwita mama yake kutoka ndani, kwa sauti iliyozibwa na mto. "Sikuingia kule."

"Najua, baba."

"Tundu lenyewe la kwenda kule, lile la hewa, mimi siwezi kupita."

"Najua. Lala." Kisha akaweka ungo chini. "Au usilale. Amka ule. Mimi naenda kwa huyo Maiko."

*

Maiko, msimamizi wa duara la Apolinari, alikuwa na ofisi ndani ya kontena. Mlikuwa na kiti kimoja cha mgeni, na juu ya kiti zilipangwa kofia za wachimbaji. Hakuziondoa. Kashinje akazungumza amesimama, na kofia zimeketi.

"Mama, nakuheshimu," Maiko alisema bila kuondoa macho kwenye kioo chake. "Ila mashine haina shangazi wala mjomba. Ikisema yuko hapa, yuko hapa."

"Nionyeshe na mimi nione."

Maiko alishusha pumzi ya mtu anayepotezewa muda, akageuza kioo. Palikuwa na mistari, na ndani ya mistari vidoa vya kijani vikitembeatembea kama chawa kwenye mshono. "Hii ndiyo njia yetu. Huu ukuta. Hapa kuna tundu la hewa tulilotoboa na wenzetu watu wasikose pumzi. Huku ng'ambo ni kwa Yasser. Haya, siku ile, doa la mwanao lilikuwa huku. Lilikaa huku mpaka likachoka."

"Amepitaje hapo tunduni? Malale, na mabega yale?"

"Mwizi hana unene, mama."

"Hakuna mtu aliyemwona kwa macho?"

"Macho yanalala. Hii hailali."

"Walikuwa wanachimba naye wenzake wawili. Umewauliza?"

"Wenzake ni wenzake." Maiko akakirudisha kioo upande wake. "Kama unabishia mitambo, nenda mjini kamuulize aliyeifunga. Mimi sikuitengeneza. Mimi naisoma tu kama unavyosoma Biblia."

Kashinje alikuwa amesoma shule hadi darasa la tatu, na Biblia aliisoma kwa kidole. Alitamani kumjibu kwamba hata hiyo Biblia ina watu wanaoisoma vibaya. Akatoka. Mdomo wake alikuwa anautunza kwa ajili ya Jumamosi.

*

Fundi aliyewafunga popo wa Apolinari alikuwa mwanamke wa Katumba, jina lake Séverine, na kibanda chake kilikuwa mjini Mpanda karibu na stesheni, katikati ya redio zilizofunguliwa matumbo na paneli za sola. Alipomwona mama mtu mzima anachungulia mlangoni, aliacha koleo na kuinuka kwa heshima.

"Karibu, mawe! Karibu ukae."

Kashinje akarudi nyuma hatua moja. "Hata wewe? Habari zimekufikia mpaka huku? Mwanangu hajachukua mawe ya mtu!"

Séverine akabaki mdomo wazi, kisha akacheka, kisha akaona si mahali pa kucheka. "Nisamehe, mama. Kwetu, kwa Kirundi, mawe ni mama. Nilikuwa nakusalimu tu."

"Basi niite mama," Kashinje alisema, akakaa. "Hilo lingine kwa sasa linanichoma."

Akaeleza yote. Séverine alisikiliza huku akiuliza vitu ambavyo Maiko hakuuliza: popo wa Malale alikuwa na namba gani? Ya saba. Wale wa Yasser nani aliwafunga? Fundi fulani aliyeletwa kutoka mbali, alimaliza kwa siku moja akaondoka. Na lile tundu la hewa limetobolewa kabla au baada ya hapo?

"Baada," Kashinje alisema. "Si zamani sana."

Fundi akajipiga paja. "Haya, sasa nielewe, mama. Nguzo ya ukutani inaita, 'Namba saba, uko wapi?' Popo wa mwanao anaitika. Lakini haitiki kwa maneno. Anaitika kwa vishindo vidogo vidogo vya haraka sana, kwa mpangilio wake. Nguzo inapima vishindo vimechukua muda gani kufika, inajua yuko mbali kiasi gani. Sasa kila popo ana mpangilio wake ili asichanganywe na mwenzake. Mimi niliwapanga wangu. Huyo wa kwa Yasser, naona aliwaacha kama walivyotoka kwenye boksi. Na mpangilio wa kwenye boksi ndio ule ule niliouanzia mimi."

Kashinje alikunja uso. Kisha uso ukafunguka taratibu.

"Wewe unazijua ngoma za kwetu Usukuma, za Wagika na Wagalu?"

"Nimezisikia tu."

"Uwanja mmoja. Wagika wako huku, Wagalu kule, wote wanapiga kwa pamoja, kila upande unataka kuvuta watu. Mimi nilicheza kwa Wagalu ujana wangu. Kelele mpaka ardhi inatetemeka, lakini mguu wangu haupotei, kwa sababu ngoma yangu ina mdundo wake na ile ina wake. Sasa siku wakipiga mdundo mmoja pande zote mbili..."

"Mguu unafuata ngoma ya jirani," Séverine alimalizia. "Ndivyo, mama. Ndivyo kabisa. Kule kwa Yasser kuna namba saba mwingine. Somo wa mwanao, mwenye namba moja naye. Tundu la hewa limefungua njia, somo anaitika kabla ya mwenyewe, nguzo inamwandika yeye kwa jina la Malale. Aliyeonekana kwa Yasser ni mtu wa Yasser, kwenye kazi yake. Na wakiitika wote kwa wakati mmoja, ndiyo kabisa, nguzo haielewi kitu."

Kashinje alishika kichwa. Mwanawe alikuwa amelazwa chini, mkewe alikuwa ametemewa mate kwenye beseni, kwa sababu aliitwa mtu fulani, akaitika mwingine.

"Twende ukawaambie."

Séverine hakuinuka. "Nikisema bila kupima, watasema umenihonga karanga. Lazima nishuke nipime pande zote mbili. Na dawa yake nayo inataka pande zote mbili. Nibadilishe midundo, halafu niwapangie zamu, hawa wakiita wale wanyamaze, wafuate saa ile ile. Upande mmoja peke yake hauwezi kupanga zamu. Wenye maduara wakubali, mimi nitakuja hata kesho."

"Wakubali tu?"

"Wakubali tu," alisema Séverine, lakini alisema kwa sauti ya mtu anayewajua.

*

Apolinari, mwenye duara, alipatikana pembeni ya gari lake akila nyama kwenye sinia na rafiki zake. Kashinje alisubiri wamalize. Hawakumaliza. Akalazimika kuanza kueleza habari za midundo huku watu wanatafuna.

"Jamani!" mmoja wa marafiki akasema. "Mama Malale amekuwa fundi mitambo. Mnamtesa bure na viazi."

Wakacheka. Apolinari hakucheka, na hilo Kashinje alimshukuru. Alifuta mikono, akasema, "Mama, nimekuelewa. Hata mimi nimeshangaa siku hizi kioo kinarukaruka. Lakini nani alianza kufunga? Ni mimi. Aliyekuja nyuma ndiye abadilishe. Mimi niguse vitu vyangu kwa ajili ya Yasser? Nyie mngekubali?"

"Mimi ningekubali, baba. Mtoto wangu ndiye anayeharibika."

"Basi mwambie Yasser akubali kwanza. Yeye akikubali, mimi sina neno."

Alikwenda kwa Yasser. Huyo alikuwa na duka la saruji na mabati mjini, mtu mpole, kofia yake safi. Alimpa kiti. Alimfungulia soda. Alimwita bibi, akamsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, mpaka Kashinje akaanza kuamini.

"Bibi," Yasser alisema, "nakuonea huruma kweli. Lakini hilo haliwezekani."

"Kwa nini, mwanangu? Fundi anasema ni kazi ya nusu siku."

"Si kazi. Sikiliza. Tukipangiana zamu, lazima mwenzangu ajue nina popo wangapi, wanaitika saa ngapi, kutoka wapi. Si ndiyo? Basi atajua watu wangu wanachimba kuelekea wapi. Na watu huchimba kuelekea kwenye mali." Akatabasamu kwa huzuni. "Wewe una majirani. Utamwambia jirani saa unayofungua sanduku lako, na upande lilipo?"

"Kwa hiyo unajua kwamba popo wanasikilizana."

Yasser akaitazama chupa ya soda. "Mimi sijasema hivyo."

"Unajua mwanangu hakuingia kwako."

"Bibi, kunywa soda."

Kashinje aliiacha juu ya mfuko wa saruji. Njia yote ya kurudi Magamba alikuwa na kiu, akajilaani kwa kutokunywa, kisha akajilaani kwa kujilaani.

Nyumbani aliwaeleza. Malale alikaa kitako kwa mara ya kwanza. "Namba saba wa kule ni Tamimu," alisema. "Tunatanguliana kwenye foleni ya maji. Tukisikilizana kwenye lile tundu tunapigiana miluzi."

"Basi Tamimu aseme alikuwa wapi siku ile. Neno moja tu."

Evaline, aliyekuwa anasonga ugali, alisema bila kugeuka, "Tamimu ana watoto, mama. Na kazi anayo bado."

*

Lililoshindikana kwa machozi ya mama liliwezekana kwa baruti.

Asubuhi ya Ijumaa, siku moja kabla ya ile Jumamosi, duara la Apolinari lilikuwa tayari kulipua. Wote walitoka, wakahesabiwa kwa majina. Kioo cha Maiko kikasema kuna mtu bado yuko chini. Wakaita tena majina. Wote wapo juu, wanapigwa na jua. Kioo kikasema sasa ni wawili. Mpiga baruti, mtu mzima asiyetaka dhambi, akaweka utambi chini na kusema yeye halipui mtu, hata kama mtu huyo ni doa.

Na ng'ambo, kwa Yasser, walikuwa wamekwisha kuwatoa watu wao juu kupisha mlipuko, na kioo chao nacho kikawa kinaonyesha watu wanatembea. Pande zote mbili zikasimama. Karasha ikanyamaza. Wachimbaji wakaketi kivulini mwa turubai wakitania, "Chini kuna mizimu imeajiriwa." Mpaka adhuhuri hakikutoka kiroba cha mawe hata kimoja, na siku bila kiroba ndiyo lugha ambayo Apolinari na Yasser waliisikia vizuri.

Walikutana kwenye gari, vioo vimepandishwa. Waliposhuka, Séverine akapigiwa simu.

Kashinje alikuwa kwenye kijiwe chake cha matobolwa, akauona mwanzo na mwisho. Aliona fundi anashuka na begi lake upande huu, anapanda, anashuka upande ule. Jioni ilipokaribia, honi ililia, baruti ikapigwa, ardhi ikatikisika vizuri. Kioo kilikuwa kimetulia. Popo wa huku walikuwa na mdundo wao, wa kule wa kwao, na hawa wakiita wale walikuwa wananyamaza.

Akamkimbilia Séverine kabla hajaingia kwenye gari. "Mwanangu! Umeona sasa? Kesho Jumamosi, utakuja useme?"

Fundi alikuwa na vumbi usoni, na macho yake yakatafuta mahali pengine pa kutazama. "Mama, nimeona. Ni kama nilivyokuambia, namba saba na somo wake. Lakini kabla sijashuka walinifunga mdomo. Nisiseme ya duara la huyu mbele ya mwenye duara lile, wala mbele ya mtu yeyote. Walisema nikisema, sitafunga tena hata taa katika machimbo haya."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo Malale hataguswa tena. Nimewaambia wote wawili, ndani ya gari, kwamba hakuingia. Wameelewa."

"Wameelewa ndani ya gari," Kashinje alisema. "Na yeye alitangazwa kwenye kipaza sauti."

Séverine akashika mkono wake, akaubana, akaingia garini. Gari lilikuwa la Yasser.

*

Jumamosi watu walijaa mbele ya kontena. Mzee Lyamba, mwenyekiti wa kamati, alikaa katikati, kulia kwake Apolinari, kushoto Yasser, na Maiko akashika kipaza sauti. Malale alisimama mbele, mikono nyuma, kama mtoto aliyevunja kioo cha shule.

Kamati haikuchukua muda. Mzee Lyamba alikohoa, akasema kwamba wenye maduara wote wawili, kwa ubinadamu wao, wameliangalia jambo hili, wameona kijana ana mama mzee na mke, na bado ana nguvu za kazi. "Kwa hiyo tumemsamehe. Jumatatu arudi kazini. Tumemaliza."

Maiko akalirudia kwenye kipaza sauti likasikika mpaka bondeni: Malale mwana wa Kashinje amesamehewa.

Watu wakapiga makofi. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Hata yule jamaa wa karasha alipiga makofi.

Kashinje akainuka. Magoti yalimuuma na aliinuka kwa awamu. "Mwenyekiti, naomba kuuliza. Amesamehewa nini?"

"Mama Malale, yamekwisha."

"Nimesikia yamekwisha. Nauliza neno moja. Aliyekosa husamehewa. Huyu kakosa nini?"

Watu wakaanza kuguna. Mzee Lyamba akamtazama Apolinari. Apolinari akamtazama Yasser. Yasser akarekebisha kofia.

"Mama," Maiko alisema, "mwanao amepata kazi yake. Unataka na mbingu?"

"Nataka useme kwenye hicho kipaza sauti kwamba hakuingia. Kama ulivyosema kwamba aliingia. Sauti ile ile, siyo kubwa zaidi." Akageuka kwa watu. "Jana si mliona? Kioo kiliona watu chini, na watu wote mlikuwa mmekaa juu kivulini! Sasa kilimwona Malale kwa njia gani, kama si hiyo hiyo? Popo wa huku na wa kule walikuwa na mdundo mmoja. Aliitwa huyu, akaitika mwingine!"

"Ameanza na ngoma zake," mtu akasema nyuma, na kicheko kikatembea.

"Tamimu!" Kashinje aliita. "Tamimu yupo?"

Alikuwepo, kijana mwembamba kando ya nguzo ya winchi. Watu wakamsukuma mbele.

"Mwanangu, sikushitaki. Siku ile, wewe ulikuwa wapi?"

"Kazini, mama."

"Kazini wapi? Karibu na lile tundu?"

Tamimu hakumtazama Malale, ambaye walikuwa wakipigiana miluzi gizani. Alimtazama Yasser kidogo tu, kama mtu anayeangalia mvua.

"Kazini tu, mama."

"Mbele, nyuma, upande gani?"

"Kazini tu."

Akarudi nyuma ya watu, mabega yameshuka. Malale alimfuata kwa macho mpaka akapotea.

"Basi," Mzee Lyamba alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka kweli, siyo mbaya. "Mama, hakuna anayeweza kukupa neno unalolitaka. Chukua hili lililopo. Na kama ilivyo desturi ya kambi yetu, anayesamehewa haji mikono mitupu. Kuna mbuzi wa kamati."

"Mbuzi yupi?"

Umati ukafunguka, na Evaline akaja mbele akiwa na mbuzi. Alikuwa mbuzi wao, yule mwekundu mwenye sikio lililokatika. Kashinje alimtambua kabla hajamtambua mkwe wake. Evaline alikuwa analia, lakini aliivuta kamba.

"Maiko alikuja nyumbani jana, ulipokuwa kijiweni," alisema kwa sauti ya chini. "Alisema wakipewa mbuzi, yanaisha. Nisamehe mama. Nimechoka kurudi na beseni."

"Na mume wako alijua?"

Malale ndiye aliyejibu, ametazama chini. "Nilijua, mayu."

Kashinje alikuwa amezunguka Mpanda nzima, amesimama mbele ya viti vilivyokaliwa na kofia, na nyumbani kwake mwenyewe shauri lilikuwa limekwisha kuuzwa kwa mbuzi. Akaketi.

"Haya, kijana," Mzee Lyamba alisema. "Mkabidhi kwa mkono wako, useme asante, twende tukale."

Malale aliipokea kamba kutoka kwa mkewe. Alipiga hatua kuelekea kwa wazee. Maiko alikwisha kuinua kipaza sauti tayari kuipokea ile asante. Upande wa winchi kichwa cha Tamimu kilichungulia, kikajificha.

Malale akasimama.

"Nikisema asante," aliuliza taratibu, "nitakuwa nashukuru kwa lipi?"

"Kwa kusamehewa, baba. Si umesikia?"

"Nimesikia." Akaizungusha kamba kwenye kiganja. "Na nisipotoa?"

Mzee Lyamba alivuta pumzi. "Usipotoa, kesi yako bado ipo. Huna kazi Jumatatu, na kibanda tutakijadili."

Malale alitazama lile duara, na njia ya bondeni, na mkewe.

"Basi niwe na kesi," alisema.

Aligeuka na mbuzi wake. Hakuna aliyemzuia. Alipofika kwa mama yake alimpa mkono, akamwinua kwa awamu, goti moja, goti la pili. Nyuma yao kipaza sauti kilikoroma, kikazimwa.

Walishika njia, Evaline mbele peke yake, kanga imemporomoka begani bila kuiinua. Walipofika kwenye mashamba ya mahindi aligeuka ghafla.

"Haya, mmeshinda! Mmebaki na heshima yenu. Mtaipika leo, mama? Mtaitia chumvi gani?"

Malale alitaka kusema kitu, mama yake akamgusa mkono anyamaze. Alijua swali lile lilikuwa lake yeye. Alikuwa na methali nyingi, za kwao Usukuma na za huku alikohamia, za subira, za haki, za mvumilivu na mbivu zake. Alizipitia zote moja baada ya nyingine kama mtu anayechambua karanga mbovu kwenye ungo, na hakuna hata moja iliyostahili kuwekwa mbele ya Evaline, aliyekuwa anasubiri jibu akiwa amekunja mikono, macho mekundu.

"Sijui, mwanangu," alisema.

Mbuzi aliona majani ya kando ya njia, akavuta kamba. Malale akamlegezea. Wote watatu wakasimama pale njiani, wanamngoja mbuzi ashibe.